Stendi ya Samaki Isiyopita Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi

Maji ya samaki nimebadilisha mimi leo. Kijana wangu Kibet amepeleka majani chai kituoni. Tangi sita, ndoo kumi na nne. Mgongo unajua.

Stendi ya mbao imepinda tena. Ubao wa katikati umebonyea kama mgongo wa punda mzee. Ni mti wa bluugamu, tuliipasua ikiwa mbichi na kuipigilia misumari hivyo hivyo. Hilo ni kosa langu, nilikuwa na haraka ya kuonyesha wageni. Kibet anasema tangi moja likijaa linakaribia kilo mia. Nilidhani ananitisha, mpaka nikafikiria mtungi wa maziwa. Lita moja, kilo moja. Sasa zidisha mara sita. Siku itakayoanguka ni vioo, maji na samaki wa miaka minne, vyote sakafuni kwangu.

Lazima tupate stendi ngumu. Hapo mimi na yeye tumekubaliana.

Watu wanatoka mpaka Mulot kuja kuona samaki wangu. Nasema wangu. Ni wa Kibet, lakini sebule ni yangu. Hapa kwetu hakuna nyumba nyingine samaki anaogelea sebuleni. Kwa wengine samaki yuko kwa sufuria.

Alhamisi, 6 Machi

Kibet amechagua chuma. Vizuri. Vyuma vya pembe, vile vizito, si mabomba membamba. Kila kona iwe na mguu, na nyuma kuwe na chuma cha mshazari ili isiyumbe. Plaiwudi juu, halafu sponji nyembamba ndiyo kioo kisikae juu ya kitu kigumu. Alinielezea akichora na kidole mezani. Huyu mtoto ana kichwa. Alikitoa kwangu, ingawa mimi niliachia darasa la saba.

Kazi itafanywa na Omondi, fundi wa Silibwet. Baba yake alitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kwa kiwanda cha majani chai, na Omondi akazaliwa hapa. Geti ya kanisa letu ni kazi yake na haijawahi kulia.

Lakini. Kibet hataki stendi ichomelewe. Anataka bolti na nati. Nimemuuliza kwa nini. Ati ni rahisi kusafisha.

Nani anafungua stendi ili aisafishe? Mimi nina kabati ya vyombo tangu niolewe, sijawahi kuifungua nati. Kitu kinachofungwa na nati ni kitu cha kuhama.

Kwetu kijana wa mwisho ndiye anabaki na nyumba ya mama. Ndivyo ilivyo. Betty akaolewa, ndugu zake wawili wakajenga kwao, na mimi sikulia. Nilijua Kibet yuko. Baba yao alipofariki sikuogopa hata nyumba tupu. Nilijua Kibet yuko.

Sasa ni nati za nini?

Jumapili, 9 Machi

Kanisani nimesimama kutoa ushuhuda. Nimemshukuru Mungu kwa watoto wote wanne, kisha nikasema, na huyu wangu wa mwisho haendi popote, ni wa kuniuguza na kunizika. Wamama wakapiga makofi. Nilipaza sauti makusudi.

Kibet alikuwa anaangalia viatu vyake. Viatu safi kabisa, havina cha kuangalia.

Jumanne, 11 Machi

Nilikuwa nafua. Mfukoni mwa suruali yake nikapata karatasi. Mwandiko wake. *Ukuta futi kumi na moja.* Chini yake, *stendi vipande viwili.*

Nikaacha nguo ndani ya maji. Nikachukua tepu yangu ya kushonea. Ukuta wa sebule, kati ya mlango na dirisha, futi saba. Nikapima tena. Saba. Jikoni, tisa. Chumba cha Kibet, nane. Katika boma hili kitu cha futi kumi na moja ni zizi tu, na zizi halina ukuta.

Karatasi nimeirudisha mahali pake ikiwa na maji kidogo. Na aulize.

Hakuuliza.

Alhamisi, 13 Machi

Alhamisi ya tatu anaenda Sotik. Shati imepigwa pasi. Anafuata chakula cha samaki. Nimefungua kopo, bado liko nusu na zaidi.

Nilimwambia Mama Moraa tukichuma. Ni jirani yangu, Mkisii, shamba lake na langu zinatengwa na mfereji. Hakuinua hata macho kutoka kwa majani.

"Mama Betty, hakuna samaki anakula namna hiyo. Huyo ni mwanamke."

"Mwanamke wa kuvalia shati la kanisa katikati ya wiki?"

"Hao ndio wabaya."

Tulicheka mpaka msimamizi wa kituo, aliyekuwa akipita, akakohoa. Nyumbani sikucheka. Alipovua shati nikalinusa. Si manukato. Chokaa. Mwanamke gani ananuka chokaa?

Nimekasirika na hata sijui ni nani nimemkasirikia.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeenda kwa Omondi mwenyewe. Kibet hajui. Nilimkuta na miwani yake myeusi, cheche zinaruka.

Nikamwambia asahau bolti. Achomelee kila kona.

"Mama, mwenye kazi aliniambia bolti."

"Mwenye kazi nilimzaa mimi."

Akacheka. Nikampa vipimo vyangu. Urefu futi saba, ghorofa tatu, upana futi tatu. Akakuna kichwa.

"Upana futi tatu? Mlango wako ni mbili na nusu. Itapitia wapi?"

"Utaichomelea ndani."

"Na siku ya kutoka?"

"Nani amekuambia itatoka?"

Omondi ni mtu wa heshima, hakuuliza tena. Atakuja Alhamisi. Alhamisi niliichagua mimi.

Nimerudi nyumbani nikitembea kama msichana. Nilinunua ndizi. Kibet anapenda ndizi.

Alhamisi, 20 Machi

Kibet alitoka saa mbili. Omondi alikuwa hapa saa tatu na vyuma vyake. Tulisukuma tangi na stendi yake ya zamani hadi upande ule mwingine wa sebule, polepole, maji yakiwa yamepunguzwa nusu, halafu nikayajaza tena. Akachomelea mpaka saa nane. Mvua ikaja, nikafunga madirisha ili rangi isilowe. Rangi nyeusi ya mafuta, ikapakwa mara mbili.

Ee, stendi. Omondi alipanda ghorofa ya chini akarukaruka. Haikusema kitu. Aliweka pimamaji juu, kiputo kikakaa katikati sawasawa.

"Mama, ng'ombe anaweza kulala hapa."

Nikamwita Mama Moraa aje aone. Akaizunguka, akaangalia mlango, akaniangalia mimi. Alisema tu, "Haya."

Kibet alifika saa kumi na moja. Akasimama. Aliweka kidole kwa kona moja, halafu nyingine, akitafuta mahali nati zingekuwa. Akageuka akaangalia mlango. Nilijua anapima kwa macho.

"Ni ngumu, Mama," akasema.

Akaenda kukamua.

Nilingoja anishukuru. Pia nilingoja anigombeze. Ningejua la kujibu.

Ijumaa, 21 Machi

Samaki wanakufa.

Nilitoka chumbani saa kumi na mbili nikawakuta wote juu ya maji, midomo wazi. Nilidhani wana njaa. Nikawapa chakula. Kibet akaja mbio, akafungua madirisha yote na mlango, akang'oa pampu. Ati pampu ya hewa inavuta hewa ya ndani ya nyumba. Ilikuwa inavuta moshi wa kuchomelea na harufu ya rangi na kuwapulizia ndani ya maji. Tangu jana. Na mimi nilifunga madirisha.

Tulimwaga maji na kuweka mengine mpaka mchana. Wamekufa kumi na tisa. Wale wawili wenye mapezi marefu pia, jike na dume wake, ambao ndio mama na baba wa karibu wote waliobaki.

Hakupaza sauti. Aliwazika nyuma ya jiko. Nilishika taa ya kupasha vifaranga joto nikijifanya naitengeneza.

Mimi ndiye. Omondi alichomelea tu. Mimi ndiye.

Jumapili, 23 Machi

Sikuenda kanisani. Nilimpikia Kibet chai, nikampa na mursik, maziwa yetu ya kibuyu, kwa kikombe chake, nikakaa mbele yake. Nikasema yote. Karatasi, tepu, shati, Omondi, upana wa futi tatu. Nikasema sitaki aende kwa huyo mwanamke.

"Mwanamke gani?"

Hakuna mwanamke. Ni chumba. Sotik, nyuma ya maduka, chumba cha duka chenye ukuta mrefu na maji ya bomba. Amekuwa akikipaka chokaa mwenyewe. Anataka kuuza samaki huko. Watu wa Kisii na wa huku wote wanapita Sotik, hapa kwetu wanafika wakipotea. Vipande viwili vya stendi vilikuwa vya kule. Angeniachia stendi ndogo nyumbani na tangi moja.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Kila nikifungua mdomo, Mama, umeshanitangaza mahali. Kanisani. Kituoni. Kwa harusi ya watu."

Nikasema nyumba hii ni yake, kijana wa mwisho hubaki, hata babu yake alibaki. Akasema anajua ni yake na hajaikataa.

Halafu akasema, "Lakini nikae hapa nikingoja nini? Ukufe?"

Hakuna mtu amewahi kusema hivyo ndani ya nyumba yangu. Nilitaka kumpiga na mwiko. Mkono haukuinuka. Kikombe chake kilikuwa kimejaa vile vile.

Jumanne, 25 Machi

Nimeenda Sotik bila kumwambia. Bado sikuamini. Anaweza kuwa na chumba na awe na mwanamke pia.

Mwenye duka la mbele alinifungulia. Sikumwambia mimi ni nani. Chumba kitupu. Kuta nyeupe, pembe moja bado haijapakwa. Amechimba mfereji mdogo sakafuni wa kupitisha maji na kuusiliba na simiti, laini, kazi safi. Hakuna kitanda. Hakuna kitambaa wala kiatu cha mtu. Nyuma ya mlango kuna shati la kazi na nusu mkate.

Nikatoa tepu. Futi kumi na moja kamili.

Mwenye duka akasema, "Huyo kijana ni mtu wa bidii sana. Sijui ni nani alimlea."

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikalimeza. Mara ya kwanza maishani mwangu, nafikiri.

Ijumaa, 28 Machi

Omondi amekuja na msumeno wa umeme. Nilimwita mimi.

"Mama, nikate nilichochomelea wiki iliyopita?"

"Kata."

"Yote?"

"Omondi, kata kabla sijabadilisha nia."

Safari hii samaki tuliwahamishia kwa jirani kwanza, sebuleni kwa Mama Moraa, kwa ndoo na beseni. Anawaogopa, anasema wanamkodolea. Kona zilikatwa ndani, vyuma vikatolewa nje, vikakatwa vipimo kwa uwanja, vikatobolewa mashimo ya bolti. Upana sasa ni futi moja na nusu, na vyuma vilivyobaki vimetosha urefu wa futi kumi na moja kwa vipande viwili, ghorofa mbili. Kibet alikuja akaona cheche, akasimama pale na ndoo ya maziwa.

 Alienda akavaa buti, akarudi kumshikia Omondi chuma. Niliwaangalia kutoka mlangoni. Uso wa baba yake kabisa akifanya kazi. Sikuwa nimeona.

Bolti arobaini na nane. Zote nimezikaza kwa mkono mimi kwanza, yeye akamaliza na spana. Halafu akazifungua tena, maana ni ya kusafirishwa. Nilisikia uchungu kila moja ilipotoka. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumapili, 30 Machi

Nimesimama kanisani. Nimesema Kibet anahamia Sotik kesho na kwamba waombee kazi yake.  Mmama mmoja wa nyuma akauliza, "Na wewe utabaki na nani?"

Nikasema, "Nitabaki na mimi."

Wengine wakacheka, sikuwa nachekesha. Kibet safari hii alikuwa ananiangalia.

Jumamosi, 5 Aprili

Asubuhi nilichuma mpaka saa nne. Majani mazuri baada ya mvua.

Mwanaume mmoja alifika getini na msichana wake mdogo na chupa ya plastiki. Wametoka mbali kutafuta samaki wa rangi. Nikawaambia hapa hakuna tena. Nikawaelekeza, washuke Sotik, wapite maduka, waingie nyuma, waulize Kibet.

"Ni nani wako?" yule baba akauliza.

"Ni kijana wangu. Anakaa Sotik."

Nilikuwa sijawahi kulisema neno hilo kwa mgeni. Liliuma, lakini si vile nilidhani. Niliwapa chai. Msichana alikunywa vikombe viwili na kunisimulia juu ya paka wao. Wakaenda.

Mvua ya saa nane imekuja. Nimetoka mbio kuanua nguo. Zilikuwa zangu tu, nikamaliza haraka.