Jina la Mama Yako

Dunga,
S.L.P. 1836,
Kisumu.
Jumapili, 9 Juni 1996

Mpendwa mume wangu Dalmas,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. U hali gani? Kile kifua kimepona? Na ile baridi ya huko ng'ambo, ilikuachia angalau masikio? Huku sisi tu wazima, tunakula na kulala. Mama ni mzima, ingawa goti la kushoto linamsumbua akikaa sana mchangani. Mimi pia ni mzima, ila nina hasira kidogo, na hasira yenyewe ni juu yako. Tutafika huko. Kwanza tumalize salamu.

Ziwa halina raha siku hizi. Yale magugu ya majani mapana yamefika mpaka mahali ulipokuwa ukiogelea, na asubuhi wavuvi wanayasukuma kwa miti ndipo mashua zipate njia. Kuna siku Mama anarudi na nusu ndoo ya dagaa wetu wa omena, na kuna siku anarudi na kelele tu. Lakini hatujalala njaa, na cherehani yangu haijasimama. Nimemaliza mapazia ya Bi. Maximilla kule Milimani, yule mwenye simu. Ameniambia ulipiga nikiwa sipo. Kwa jambo hili usipige tena kwake, tafadhali. Nyumba ile ukishika simu, hata mpishi anaacha kukaanga ili asikie vizuri. Ndiyo maana nakuandikia, na kwa Kiswahili kama kawaida yetu, kwa sababu Kijaluo changu bado kinawachekesha watu wa hapa, na Kibukusu chako kinatosha kuomba chai tu.

Sasa ile hasira. Barua yako nimeipata. Umesema watu wa viza wamekuarifu kwamba mke wako aliulizwa jina la mama mkwe wake akashindwa kulitaja, na kwamba sasa wana shaka kama ndoa yetu ni ya kweli. Ukaniuliza, "Hata jina la mama yangu, Nasipwondi?" Halafu ukaandika kwamba umechoka, labda uache kazi urudi, tuachane na ombi hili la mimi kukufuata huko. Niliisoma nimesimama pale posta, nikaikunja, nikatembea mpaka Dunga kwa miguu bila kuona njia.

Nisikilize basi, maana umesikia ya upande mmoja. Yule mama aliyenihoji Nairobi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na faili letu mbele yake, na kila kitu ulikuwa umekijaza wewe mwenyewe. Alitaka tu kukisikia kutoka kinywani mwangu. Aliniuliza tulikutana wapi, nikasema harusini kwa rafiki yangu kule Bungoma, nawe umevaa tai ya kuazima. Akaniuliza unalala upande gani wa kitanda. Dalmas, niliona aibu mpaka shingo ikawa moto, lakini nilijibu: upande wa ukuta, na blanketi unavuta lote. Akacheka, akaandika. Nikajua mambo yanakwenda vizuri. Ndipo akaniuliza mama mkwe wangu anaitwa nani.

Nikatazama chini, vile ninavyotazama chini nikiwa nyumbani. Akauliza tena, polepole, akidhani sikusikia. Nikamwambia mimi humwita Mama. Akasema anataka jina. Nikamwambia watu wa Dunga humwita Min Dalmas, yaani mama yake Dalmas. Akasema hapana, jina lake mwenyewe. Nikatazama chini tena, na kunyamaza kwangu akakuandika kuwa ni kutojua.

Kwetu mwanamke halitaji jina la mama mkwe. Sikufundishwa kwa kiboko, nilikua nikiona hivyo. Kulitamka au kuliandika ni mamoja, ni kama kumvua leso mbele za watu. Nawe unayajua haya! Au umesahau siku ulipokuja kwetu, mama yangu akatokea na debe la maji, ukaruka nyuma ya ghala la mahindi na suti yako mpya, ukajibanza huko mpaka akapita? Hakuna aliyesema humfahamu mama mkwe wako. Tena nikuulize, miaka yote niliyokaa kwenu, umewahi kunisikia hata mara moja nikilitaja jina la mama yako? Hukuwahi, na wala hukugundua. Hapo ndipo paliponiuma. Mgeni asiponielewa simlaumu, lakini wewe?

Haya, hasira imekwisha. Endelea kusoma.

Sitaki urudi. Ukirudi sasa utakuwa umerudishwa na mimi, na hata usiponiambia, kila siku ya shida utalikumbuka jambo hilo, nami nitaliona usoni mwako. Nimechoka kuwa mke wa picha ya ukutani, Dalmas. Nataka kuishi na mume wangu, nigombane naye kwa mdomo, si kwa stempu. Kama njia inapita kwa yule mama wa Nairobi, basi nitapita hapo hapo. Bi. Maximilla alinisaidia kuandika barua ya kuomba wanihoji tena, na wamekubali. Ni Alhamisi ya wiki hii. Wameeleza wazi kwamba nisipowaridhisha safari hii, faili letu litafungwa.

Ilibidi nimwambie Mama. Nilimkuta akigeuza omena juani na akina mama wenzake, nikachuchumaa kando yake, nikamweleza yote, hata lile la kitanda. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu kicheko kikakatika.

"Kumbe ni jina yangu ndio inafungia mtoto yangu mlango?" akasema. "Wewe sema. Sema hapa hapa, hawa wamama wasikie."

Nikashindwa.

"Sema, bwana! Jina si jiwe, haiwezi kukuangukia."

Nikashindwa tena, na wale akina mama wakaacha kazi zao kunitazama. Basi akaamua kunikomesha. Tangu siku hiyo nikimwita Mama haitiki, anangoja nimwite kwa jina. Nikisema, "Mama, chakula tayari," yeye anatazama ziwa. Ugali umepoa mara nyingi mno. Juzi mbuzi wa jirani alikuwa akitafuna leso yake kwenye kamba, nikaita Mama, Mama, Mama, wala hakugeuka, na leso ikaenda nusu. Leo ameivaa hivyo hivyo kanisani, kichwa juu.

Nilipoona hivyo nilikwenda Bungoma kumwuliza mama yangu. Yeye hakucheka. Alifikiri huku akipura maharagwe, kisha akasema hakuna ubaya iwapo mwenye jina atanipa kitu chenye uhai kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya shahidi, na kusema kwamba ameniruhusu. Nilirudi na jibu hilo nikiwa na wasiwasi, maana unajua mama yako alivyo na kuku wake.

Jana alimwita dada yako Lornah kutoka Kisian awe shahidi. Akamkamata yule kuku mwekundu anayetaga, yule aliyekataa kumchinja hata kasisi alipokuja. Akamweka mikononi mwangu.

"Nyar Bungoma, binti ya Bungoma," akasema, "jina yangu nimekupa. Tumia vile unataka. Enda uchukue bwana yako."

Lornah akapiga vigelegele. Mimi nikalia, Dalmas, nikalia mpaka kuku akashtuka akaanza kupapatika. Nilimpenda mama yako jana kuliko siku zote nilizokaa naye. Lakini nilipofungua kinywa, jina halikutoka. Nilikuwa nalo kabisa, ulimi ndio uliokataa. Nikadhani atanigombeza. Akanifuta machozi kwa ile leso iliyoliwa, akaingia jikoni. Asubuhi nilipomwita Mama, hakuitika.

Jumatano napanda basi la asubuhi. Mama hataki kubaki. Anasema atakaa nje ya ofisi ile na kitambulisho chake, na akiona nimechelewa kutoka ataingia mwenyewe awaambie yeye ni nani. Wewe unamjua, ataingia kweli, na askari wa mlangoni namwonea huruma. Lakini sitaki aingie. Hili ni langu, nitalijibu mwenyewe.

Barua hii itakapokufikia, mambo yatakuwa yamekwisha kuamuliwa. Kwa hiyo sikuombi ushauri. Nakuomba usiache kazi, na utafute blanketi la pili, maana hilo lako najua hutaligawa. Na ukipata habari mbaya kabla ya kupata neno kutoka kwangu, usifunge mizigo. Nitaomba tena. Wakinikataa tena, nitaomba tena, mpaka wanizoee pale kama mfagiaji.

Nisalimie Saleh unayeishi naye, mwambie viungo alivyoagiza nimeshavifunga, nitavileta mwenyewe. Lornah na mumewe wanakusalimu. Mama yangu Nabalayo anakusalimu kutoka mbali, na wewe salamu zake zipokee ukiwa nyuma ya ghala. Bi. Maximilla anakusalimu, na bila shaka mpishi wake pia. Mungu akushike mkono katika barabara hizo za ugenini, na akurudishe salama kila jioni mpaka niwe nakufungulia mlango mimi.

Mama yako anakusalimu.

Hapo nimeweka kalamu chini. Nimechungulia dirishani, nimemwona ameketi kwenye kizingiti na goti lake amelinyoosha, anachambua omena za jioni. Nimerudi mezani, nimeichukua kalamu tena.

Mama yako, Beldina Awuor, anakusalimu sana.

Liko hapo, Dalmas, kwa mwandiko wangu. Nimelitazama, kisha nikalisoma kwa sauti ndogo, nikilijaribu tu, Beldina Awuor, wala sikudhani litavuka ukuta. Na kutoka kule kizingitini, yeye ambaye siku zote hizi nikimwita hageuki, ameitika.

Ni mimi mkeo, ninayekuja,

Nasipwondi