Asubuhi Aliyopinduliwa Warwick Stobie

Marrickville, Sydney
Jumapili, 18 Agosti 2002

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi ya mvua, nami nipe habari za huko kwenye baridi ya ukame. Kifua kinaendeleaje? Shangazi Merle ameniambia kwamba bado unatoka kuwalisha kondoo kabla jua halijachomoza, na kwamba dawa alizokuandikia daktari wa Mudgee unazimeza siku unayokumbuka tu. Tafadhali, Baba, zimeze. Mkweo Lindsay hajambo na anakusalimu sana. Mguu wake umepona, sasa anakwenda kazini bila fimbo. Mimi mwili hauna neno. Mengine utayasoma humu.

Barua yako niliipata Jumanne. Umeniambia kwamba umerudisha kadi ya chama baada ya miaka hamsini na mmoja, na funguo za ukumbi umemkabidhi katibu wa tawi bila hotuba. Mwishoni ukaniuliza swali moja: mimi niliye ndani mle redioni, nikueleze ilikuwaje mtu kama Warwick akaondolewa kwenye uongozi wa chama asubuhi moja, na watu waliokuwa wakimpigia makofi wiki moja tu kabla. Nimekaa na swali hilo siku tano. Nitakujibu tangu mwanzo, maana nikianzia katikati nitajitetea.

Clem Haddrick unamjua kwa sauti, kama nusu ya watu wa jimbo hili wanavyomjua. Kwa sura ni mtu mfupi, mpole, anayekumbuka siku za kuzaliwa za wanaofagia ofisi. Mama alipofariki alileta maua meupe, na wewe mwenyewe uliyaweka kaburini. Hana kadi ya chama chochote na hajawahi kuomba kura ya mtu. Lakini miaka sita hii niliyomtayarishia kipindi cha asubuhi, nimewaona wabunge wa chama chetu wakimwogopa kuliko wanavyowaogopa wapiga kura wao. Nimemwona mzee wa miaka sitini, aliyewahi kuwa waziri, amesimama kwenye korido yetu saa kumi na mbili asubuhi, tai imemkaba, jasho linamtoka, ananinong'oneza, "Pip, leo bosi ameamkaje?"

Mambo yalianza Juni. Uchaguzi uko Machi, na Clem alitaka chama kitoe ahadi: mtoto yeyote wa kuanzia miaka kumi na miwili akikamatwa ameiba au amechoma mali ya mtu, sheria imfunge moja kwa moja, hakimu asiwe na la kusema. Warwick alikuja studio siku ya Alhamisi. Clem akamwambia hewani, kwa kicheko, "Sema ndiyo tu, mheshimiwa, tumalize twende tukanywe chai." Warwick akasema amefundisha shule miaka kumi na mmoja, na watoto aliowaona wakiingia jela katika umri huo aliwaona pia wakitoka, kwa hiyo ndiyo hiyo hana. Clem akacheka tena. "Haya, mwalimu ametoa somo. Wazazi mnasemaje?" Taa za simu zikawaka zote kwa mpigo.

Warwick alipokuwa anaondoka alinipa mkono akaniuliza habari zako, kama bado unagombana na wale kasuku kwenye paa. Mlango ulipofungwa Clem akavua vidude vyake vya masikioni, akasema bila hasira yoyote, kama mtu anayeagiza chakula, "Huyu haioni Agosti."

Namna inavyofanyika ni rahisi kuliko unavyodhani. Anayechagua nani aingie hewani ni mimi. Kila wapigaji kumi, tisa wawe upande wa Clem. Yule wa kumi anaruhusiwa kupinga, ila tunamtafuta mwenye kigugumizi au mwepesi wa hasira, Clem apate wa kuchezea. Wabunge wanasikiliza ndani ya magari yao wakienda kazini, na wanadhani wanaowasikia ni wananchi wote. Kipindi kikiisha Clem anaingia kwenye chumba kidogo, nami nampigia namba za wabunge mmoja mmoja. Nilikuwa nasikia upande wake wa mazungumzo. "Gavin, mwanangu, umeamka salama? Aa, mimi sikwambii ufanye chochote. Nakuuliza tu, ukija hapa Jumatatu nikukaribishe kama nani?"

Ndiyo, Gavin Lisle, naibu wake Warwick, yuleyule aliyekaa mezani kwetu Pasaka na kumsifia Shangazi Merle maandazi yake mpaka akafungiwa ya kwenda nayo. Wiki ya tatu alikuja na rasimu ya hotuba, Clem akaisahihisha kwa kalamu nyekundu kama mwalimu, mimi nikaipiga chapa. Ile sentensi uliyoisikia kwenye televisheni, kwamba ameisikia sauti ya wananchi na hawezi kuikataa, ni ya Clem. Gavin alikuwa ameandika kitu kingine, kibaya zaidi lakini chake.

Hata hivyo kura hazikutosha. Jumapili, siku mbili kabla wabunge hawajakutana, Clem alihesabu akakuta Warwick bado anaongoza kwa kura nne. Jumatatu asubuhi akaingia hewani mama mmoja aliyejiita Lorraine wa Penrith. Akasema anajua siri: Warwick Stobie alipokuwa mwalimu Gulgong alimficha mchomaji asikamatwe na polisi, akamweka nyumbani kwake, na ndiyo maana leo anawatetea wahalifu. Clem akajifanya ameshtuka. "Mama, una hakika na unachosema?" Kisha akakirudia mpaka saa tatu, na wapigaji wakakirudia, na jioni magazeti yakakiandika kama jambo linalojulikana.

Ukweli wewe ndiwe unayeujua kuliko mtu yeyote. Ghala la majani lilikuwa lako. Aliyeliunguza ni Tracey Maher, miaka kumi na minne, aliyekuwa analala mle kwa kumkimbia baba yake, akawasha mshumaa apate joto. Hakuna aliyefichwa. Sajenti mwenyewe alikunywa chai jikoni kwetu, nikiwa nimekaa kwenye ngazi nasikiliza, ukamwambia, "Majani yataota tena. Huyu akiharibika hataota." Akafunga daftari lake. Warwick na mkewe Helen wakamchukua, na kila Jumamosi kwa mwaka mzima akaja kurekebisha nyaya za uzio pamoja nawe, ukawa unamwita fundi. Mpaka mwezi uliopita alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, hospitali ya Dubbo.

Jumanne saa nne wabunge walipiga kura. Gavin ishirini, Warwick kumi na wanane. Warwick alitokea mlango wa nyuma, Helen anaendesha. Wiki iliyofuata Waziri Mkuu wa jimbo, wa chama kile kingine, naye ili asiachwe nyuma, alikuja kwenye kiti kilekile akaahidi sheria ileile, tena kuanzia miaka kumi na mmoja. Kwa hiyo sasa hata ukipigia kura upande gani, watoto watafungwa. Na Tracey umeniandikia mwenyewe: waandishi walimpata siku ya tatu, wakakaa nje ya hospitali, akaambiwa achukue likizo, akafunga mizigo na watoto wake wawili kwenda Queensland. Ulisema alipita kukuaga ukashindwa kupata hata neno moja la kumwambia.

Sasa, Baba, hapa ndipo nilipokuwa naogopa kufika.

Habari ya ghala Clem aliipata kwangu. Mwezi Mei alitualika chakula cha mchana nyumbani kwake, watu wanane, tukila chaza, na kila mmoja akawa anasimulia habari za baba yake. Wa mmoja jaji, wa mwingine daktari wa moyo. Nikataka wajue na mimi nimezaliwa na nani. Nikawasimulia yote, ghala, sajenti, Warwick, maneno yako. Clem alifuta machozi, na nakuapia yalikuwa machozi ya kweli, akainua glasi yake kwa heshima yako. Nilirudi nyumbani siku hiyo najiona mrefu.

Ile Jumatatu nilipoisikia sauti ya Lorraine kwenye simu niliitambua. Amewahi kutupigia kwa majina manne. Kwenye meza yangu kulikuwa na karatasi ya Clem: "Lorraine kwanza." Nikambonyezea akaingia. Mpaka alipofika kwenye neno Gulgong sikujua atasema nini. Baada ya hapo nilijua, na kitufe cha kumkata kilikuwa chini ya kidole changu, na sikukibonyeza.

Ya pili ni mbaya zaidi. Umewaambia watu wa tawi kwamba siku ya kura ulipiga simu redioni, ukapanga foleni kama mtu mwingine yeyote kwa sababu hukutaka kupitia mlango wa binti yako, ukangoja karibu saa nzima mpaka simu ikakatika yenyewe, na kwamba humlaumu mtu, laini zilikuwa zimejaa.

Laini hazikuwa zimejaa, Baba. Saa mbili na dakika nane Kerrin, anayepokea simu, aliandika kwenye kompyuta yangu: "Athol, Gulgong. Ghala lilikuwa lake. Anasema hakuna aliyefichwa." Jina lako lilikaa juu kabisa ya orodha. Nikamwingiza mtu anayelalamikia maegesho ya magari. Nikamwingiza mama aliyepotelewa na mbwa. Kerrin alinigongea kioo mara tatu akinionyesha kwa kidole. Wakati wa matangazo Clem akasogeza kiti, akasoma, akaniangalia. "Pip, huyu si mzee wako?"

Nikajifanya naisoma orodha upya.

Akasema kwa upole, "Amua wewe. Ukitaka nimsikilize, nitamsikiliza, na nitamheshimu."

Na angefanya hivyo, namjua. Hakuna aliyenilazimisha. Nikamwambia, "Hapana, siye. Ni mlevi mmoja tu, majina yamefanana."

"Saa mbili asubuhi?" Clem akacheka. "Gulgong wanajua kuishi."

Dakika tatu kabla ya saa tatu nilibonyeza kitufe nikakukata. Kisha nikaenda kumletea kahawa.

Umenilea nisikudanganye, kwa hiyo sitakwambia niliogopa kufukuzwa. Niliogopa kidogo. Lakini zaidi nilitaka tushinde. Wiki zile nilikuwa nikiamka nimechangamka kama msichana, najua jambo ambalo jimbo zima halijalijua. Kiongozi wa chama anang'olewa na mmoja wa wanaong'oa ni mimi, Pip wa Gulgong. Nilipenda. Hata nilipoliona jina lako pale nilihisi kwanza kero, kwamba utatuharibia. Aibu ilikuja baadaye sana, ilipokuwa haimsaidii mtu.

Juzi mbunge mmoja alinikuta kwenye lifti. Alikuwa mmoja wa waliobadilika siku ya mwisho. Akaniambia, bila kujua anamwambia nani, kwamba asubuhi ile aliegesha gari kando ya daraja akasikiliza mpaka mwisho, akingoja mtu mmoja tu aseme si kweli. Hakusema mtu, akaenda akapiga kura. Ni wawili tu waliohitajika kubaki, Baba.

Utauliza kama nimeacha kazi. Sijaacha. Barua ya kuacha nimeiandika mara mbili na kuichana mara mbili, na Ijumaa Clem amenipandisha cheo, nikasema asante. Sijui nitafanya nini kesho, na sitaki kukuahidi ushujaa ambao mpaka leo sijauonyesha. Nimemwandikia Tracey, barua imerudi. Nimemwandikia Warwick, Helen akajibu kwa mstari mmoja kwamba siku hizi hasomi barua. Umebaki wewe.

Msamaha siuombi sasa. Msalimie Shangazi Merle, mwambie mwenyewe kwa namna utakayoona inafaa, maana atasikia tu. Wasalimie akina Bolger wa ng'ambo ya mto. Vaa koti la sufu ukitoka, na zile dawa zimeze hata kama umenikasirikia.

Barua hii ni yako. Ukitaka kuitia motoni, itie. Ukitaka kuwasomea watu wa tawi, wasomee yote, usiruke pale penye jina langu. Huku ofisini wananijua kwa jina la mume wangu, lakini nimeiandika kwa mkono na kuitia sahihi kwa jina ulilonipa, ili asitokee mtu pale ukumbini akasema haifahamiki imetoka kwa nani.

Mimi binti yako,

Philippa Rennick