Msamaha Uliobebwa na Rozina

Mwika, 4 Machi 2007

Mwanangu Dainess,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Huku tuna uzima. Kifua cha kaka yako Elisante kimeachia, na ng'ombe amezaa, ila amezaa dume. Wasiwasi wangu ni wewe. Unakula? Ile baridi uliyosema imepungua? Usilale na nywele mbichi.

Simu ya Jumapili iliyopita ilikatika hata sijamaliza kushtuka, ndiyo maana naandika. Mwandiko wangu ni wa darasa la nne, uvumilie. Nilichosikia ni kwamba nyie wasichana mmewaandikia barua wakubwa wa chuo, mnadai, na jina la kwanza pale juu ni lako. Mwanangu, kwa nini la kwanza? Majina ya wenzio yalikuwa na ugonjwa gani? Hao unaowadai ndio wanaokulisha na kukulaza. Skolashipu siyo kihamba cha baba yako, shamba la urithi, kwamba hata mkigombana utakikuta pale pale. Kaa katikati, mbele waachie wenye kwao. Liondoe jina. Au basi, liweke la kumi.

Mama yako

*

Guangzhou, 27 Machi 2007

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa na bakuli la wali mkononi, kwa hiyo ndiyo, ninakula. Nywele nazikausha. Baridi imekwisha, sasa ni mvua, na dirishani nasikia cherehani za washona nguo wa mtaa wa Kangle kutwa nzima. Hawapumziki hawa watu.

Nikueleze taratibu. Hapa chuoni, sisi wa shahada ya pili ndio tunaopewa madarasa ya maabara. Unasimama mbele ya vijana wa mwaka wa kwanza, unawaonyesha namna ya kupima maji. Aliyepitia hapo ndiye anayefikiriwa nafasi ya udaktari, na baadaye ndiye anayekuwa mwalimu wa chuo kikuu. Wasichana wa Kiafrika tuko kumi na mmoja. Miaka yote hajapewa hata mmoja. Tukiuliza tunamiminiwa chai na kuambiwa kwa upole kwamba wanafunzi "bado hawajazoea." Nyokabi, Mkenya ninayekaa naye chumba kimoja, anasema, "Kwa kalenda ya chuo wametuzoea sana, si ata picha ya mwezi wa tano ni mimi! Ni kwa darasa tu ndio wanashtuka."

Hatukumtukana mtu. Ni ukurasa mmoja wa kuomba na sisi tufikiriwe. Wenzangu walinichagua niongoze, na jibu litatolewa kwenye kikao cha Juni. Mwenyekiti wake ni Profesa Liang, ambaye ndiye anayenisimamia. Nikitoa jina langu sasa, barua yote imekufa.

Mwanao,
Dainess

*

Mwika, 22 Aprili 2007

Dainess mwanangu,

Natumaini mvua imekuachia nguo kavu. Sisi tupo.

Barua hii utapewa na Rozina, yule jirani mwenye duka la nguo Moshi, anakuja huko kufuata mzigo. Nimemwambia akupe akishamaliza kazi niliyomtuma, na pia ana ndizi kavu zako. Usikasirike. Tangu Machi sijalala vizuri. Kila mtu ninayemwuliza ananiambia mtoto akishaandikwa vibaya ugenini hakuna wa kumtetea. Basi nimekata jani la isale kule mpakani kwa babu yako, nimelifunga fundo, nimempa Rozina alipeleke kwa huyo profesa. Unajua mwenyewe, isale likishafika mikononi mwa mtu hana tena uso wa kukataa kusamehe. Hata damu imesamehewa kwa jani hilo, itakuwa barua ya ukurasa mmoja?

Nimefanya kwa kukupenda.

Mama yako

*

Guangzhou, 20 Mei 2007

Mama,

Shikamoo. Rozina alifika salama. Ndizi kavu nimepokea.

Alitoka soko la nguo la Shisanhang na furushi lake la jinzi, akaingia nalo ofisini kwa Profesa Liang. Akamwita "laoban," bosi, kama wanavyomwita muuza suruali. Akaweka jani mezani kwa mikono miwili. Profesa akacheka, akasema mmea huo hapa wanauweka madukani ulete bahati. Rozina akapaza sauti kwa Kiingereza chake cha sokoni, "Siyo bahati, laoban! Sori! Mama yake Dainess, sori!" Wakaita mwanafunzi anayejua Kiingereza, naye akatafsiri yote, tena vizuri.

Kesho yake niliitwa. Profesa alikuwa amefurahi kweli, na hilo ndilo linaloniuma. Alisema nina mama mwenye busara, amelimaliza jambo kabla halijawa kubwa, na sasa hakuna haja ya kulifikisha kwenye kikao. Barua yetu akaitia kwenye droo mbele ya macho yangu.

Nilipotoka wenzangu walikuwa wameshasikia. Wanaamini nilijiombea msamaha peke yangu nikawaacha wao. Sia, mtoto wa Rombo aliyekuwa akiniita dada, sasa akinipita kwenye ngazi anasema, "Shikamoo mwenyekiti." Nyokabi ndiye pekee aliyekuja kuniuliza. Nikamweleza isale ni nini. Akaniuliza, "Sasa wewe ulikosea wapi?"

Isale hupelekwa na mwenye kosa. Kosa langu ni lipi, Mama?

Dainess

*

Mwika, 24 Juni 2007

Mwanangu,

Simu inaita haipokelewi. Barua niliyotuma mwanzoni mwa mwezi sijui kama imefika au umeiacha tu. Rozina amerudi, anajisifu sokoni kwamba ameongea na mkubwa wa chuo cha Uchina ana kwa ana. Nimemwomba anyamaze.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata wa kunigombeza, nitaupokea.

Mama yako

*

Mwika, 15 Julai 2007

Dainess mwanangu,

Sikuulizi hali, maana najua mimi ndiye niliyeiharibu.

Nilimwambia Elisante anisomee kwa sauti ile barua yako ya Machi, maana mimi niliisoma nikitafuta neno "hatari" tu, mengine yote nikayaruka. Alipofika pale mnapouliza mnamiminiwa chai, nikamwambia aache kidogo. Unajua niko kamati ya shule mwaka wa sita huu, mwanamke peke yangu. Kikao kikifika katikati mwenyekiti ananigeukia, "Mama Elisante, tuangalizie chai." Naondoka. Nikirudi na birika wanafunga kwa sala. Miaka sita, Dainess, sijawahi kusikia nusu ya pili ya kikao. Na mimi nilikuwa naona napendwa, maana chai yangu wanaisifu.

Niliogopa, basi. Nilipoona jina lako juu ya yote nilikuona kama vile umesimama katikati ya barabara ya magari, nikakimbia kukuvuta bila kuuliza unafanya nini pale.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya profesa. Elisante alitaka kuninyooshea maneno, nikamkatalia. Ukitaka mtafsirie. Usipotaka choma, sitakuuliza.

Mama yako

Kwa Profesa Liang,
Habari za kazi na za watoto. Mimi ndiye mama yake Dainess. Kwetu jani lile hutolewa na mtu aliyekosa. Dainess hajakosa na hakunituma. Nilimwombea msamaha wa jambo ambalo mwenyewe sikuwa nimelielewa, na hilo ndilo kosa, nalo ni langu. Wewe ulilipokea kwa moyo mzuri, nakushukuru. Naomba msamaha ule uuhesabu kuwa wangu, na barua ya wale wasichana irudi mezani ijibiwe. Mimi niliishia darasa la nne, lakini hata huko mwanafunzi akinyoosha mkono alikuwa anaulizwa anataka nini.
Mama Elisante, Mwika, Kilimanjaro

*

Guangzhou, 23 Septemba 2007

Mama yangu,

Shikamoo, na nyingine za miezi yote niliyonyamaza. Nisamehe. Kila nikishika kalamu nilikuwa naandika maneno ya kukuumiza, nachana.

Barua zako zote mbili, yangu na ya profesa, niliwasomea wenzangu wote chumbani kwetu, wengine kitandani wengine sakafuni. Nyokabi akapiga kelele, "Ngoja, rudia hapo kwa birika!" Nikarudia. Sia akatoka nje, aliporudi akasema, "Dada, Kichina chako cha barua ni kibaya, nipe mimi nitafsiri." Tukaifanya pamoja siku mbili.

Tulikwenda wote kumi na mmoja. Profesa Liang aliisoma amesimama, na safari hii hakucheka. Kisha akafungua droo, akaitoa barua yetu na kuiweka juu ya mafaili ya kikao kilichofuata.

Kikao kimetoa darasa moja, la kujaribu, muhula mmoja. Wamempa Nyokabi. Kuhusu mimi, wamesema ni afadhali waanze na mtu ambaye hakuongoza madai. Skolashipu yangu haijaguswa.

Siku ya kwanza nilikwenda kukaa kiti cha nyuma. Vijana thelathini walisimama wakamsalimia "laoshi," mwalimu. Wakamkodolea macho labda dakika tano. Ya sita mmoja akamwaga maji ya kipimo, akakaripiwa kama wanavyokaripiwa wote, na darasa likaendelea. Nilipiga makofi moyoni, halafu nikaenda chooni nikalia. Sijui nikuambie nimefurahi au nimeumia.

Mwanao,
Dainess

*

Mwika, 14 Oktoba 2007

Mwanangu Dainess,

Barua imenikuta mzima, na ilipoisha nilikuwa mzima zaidi, ingawa Elisante ananicheka kwa machozi.

Umia, mwanangu, usione aibu. Na mimi nimeumia. Wewe ndiye uliyebeba kiti, mwenzio ndiye aliyeketi. Lakini mpende Nyokabi, na ukae tena kiti kile cha nyuma siku akichoka, maana peke yake mbele ya watu thelathini si mchezo. Sia mwambie namshukuru kwa mkono wake.

Sasa nina swali. Barua ya pili mnaandika lini? Darasa moja kwa watu kumi na mmoja ni dogo, hata mimi najua kugawanya. Muhula ukiisha watasema wameshajaribu, na msipokuwa na karatasi mezani kalenda itaendelea kuwatosha.

Jina lako liweke pale pale juu. Kuogopa nitaogopa, sikuahidi kuacha, umri huu siwezi. Lakini nitaogopea huku huku kwangu.

Mama yako