Hiyo ni Mock Gani?

Ijumaa, Ekalakala

Na hakuna aliyemwomba mwalimu mkuu atufundishe Kiingereza. Mkutano wa wazazi ulikuwa wa matokeo ya mtihani wa mock, basi. Lakini yeye akaanza kwa kutueleza kwamba hapa "mock" maana yake ni mtihani wa mwigo, tusichanganye na ile mock ya kumcheka mtu. Tukapiga makofi.

Kisha akawasimamisha watoto mbele yetu na kusoma alama zao kwa sauti. Alipofika kwa Mwende wangu akasema, "D ya Hesabu. Huyu atahesabu mbuzi wa babake." Wazazi wakacheka. Hata mimi nilitabasamu kidogo, Mungu anisamehe.

Halafu nikainua mkono. "Mwalimu, sasa hiyo ni mock gani?"

Akarudia swali langu akiigiza lafudhi yangu ya Kikamba, akiivuta kama mtu anayeongea usingizini. "Keti, mama," akamalizia. Wakacheka tena. Nikaketi.

Niko na wasiwasi. Mtihani wenyewe uko karibu, na huyo ndiye anayemfundisha Mwende Hesabu. Sasa akianza kumwonea kwa sababu yangu...

Tukirudi nyumbani nilimwambia Mwende pole. Nilidhani atalia au atanilaumu. Tulipopita kanisa akanigeukia.

"Mama, wewe hauongei hivyo," akasema. "Hata kukuiga hajui. Kwenye mwigo angepata E."