Kaburi Lililochimbwa Mapema

Mitterhof, 14 Juni 2023

Mjukuu wangu Verena,

Salamu nyingi kutoka huku juu. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo limeamua kustaafu kabla yangu. Ng'ombe wazima, mjomba wako Florian mzima, na jirani yetu Hias naye mzima, kwa bahati mbaya.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nakusikia kama nyuki aliyefungiwa chupani, na habari hii sitaki ipitie kwa nyuki. Baba yangu amepatikana.

Juzi, walipokuwa wanavusha kondoo kwenda malisho ya ng'ambo, Florian aliona mgongo wa mtu umechomoza kwenye barafu pale juu Kaltjoch. Wa kahawia, mkavu kama kiatu kilichosahauliwa darini. Akafanya yanayofanywa: akasimamisha kundi zima, wanaume wakavua kofia, wakamnyunyizia chumvi ya baraka, wakamfunika kwa joho la sufu. Mimi nikatoa ile kofia ya Baba niliyoitunza kabatini, ikapandishwa mlimani siku hiyohiyo akawekewa kichwani. Kisha polisi wakaja na helikopta wakamchukua, yeye na kofia, hadi huko kwenu Bolzano.

Unajua nilivyoishi na jambo hili. Nilikuwa na miaka tisa. Ilikuwa Septemba, kondoo wameshashushwa, kazi imekwisha, watu wanakunywa. Baba akachukua fimbo na mkoba wake wa mgongoni, akapanda tena Kaltjoch bila kumwambia mtu. Hakurudi. Mama yake Hias ndiye aliyeleta ile habari ya mjane wa Gampental, ng'ambo ya mlima, kwamba Baba amehamia kwake na anakula vizuri. Na tangu hapo, kila mleta barua akipita, Hias huniita kutoka uani kwake: "Burgl! Babako hajaandika bado?" Miaka sabini kichekesho kimoja. Hata mbuzi wake wamekichoka.

Juzi alikiacha kwao. Alikuja na sepeto lake akasaidia kuchimba kaburi. Ndiyo, tumeshachimba, kando ya Mama. Matanga tumeshakula pia, supu ya shayiri na nyama ya moshi, Padri kaongezewa mara mbili. Kinachokosekana ni marehemu tu. Wewe uko hapohapo kwenye taasisi inayomchunguza. Waambie wasichelewe naye.

Bibi yako,
Burgl


Bolzano, 29 Juni 2023

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini goti linapata nafuu na wewe unalipumzisha, ingawa nakujua. Mimi sijambo, ila silali vizuri, na sababu utaiona.

Nimeianza barua hii mara nyingi. Bibi, siye. Tumempiga picha za eksirei, tumepima umri wa mifupa, tumerudia tena kwa sababu nilimwomba mkuu wangu, Daktari Prugger, turudie. Aliyelala kwenye chumba cha baridi ana miaka elfu tano. Na ni mwanamke.

Najua kaburi liko wazi.

Kuna lingine, nalo niliandike upesi. Daktari Prugger alikuta chumvi kwenye ngozi yake, akafurahi mno, akaandika kurasa nzima kuhusu watu wa kale waliokuwa wanatia wafu wao chumvi. Akaendelea vizuri mpaka alipokuta punje za kisibiti na chembe za mkate. Nikamwambia nawajua hao watu wa kale, mmoja ni mjomba wangu. Akacheka mpaka akavua miwani. Tafadhali muulize Mjomba alikula nini akiwa ameinama pale, ili tujue cha kufuta.

Kofia nimeiweka kwenye mfuko safi. Itarudi.

Mjukuu wako,
Verena


Mitterhof, 6 Julai 2023

Mjukuu wangu Verena,

Marahaba. Mimi mzima. Goti linakusalimu.

Florian alikuwa anakula ule mkate wetu mgumu wa kisibiti, anaula huku analia. Mwambie mkuu wako afute mkate lakini machozi ayaache, hayo yalikuwa ya kweli.

Kwa hiyo nimemvalisha mwanamke kofia ya babangu. Kijiji kizima kimeshajua. Mke wa Padri angekuwepo ningesema ni yeye aliyesambaza, lakini hayupo, basi ni Padri mwenyewe. Hias alinisubiri mlangoni pa kanisa. "Burgl," anasema, "babako kawa mwanamke siku hizi? Mjane wa Gampental atashtuka!" Nikamwambia, "Hias, meno yamekuisha, ulimi lini?" Watu walicheka. Mimi nilicheka mpaka nikafika nyumbani.

Padri anataka kaburi lifukiwe. Anasema si vizuri kuliacha wazi, linaita watu. Nikamwambia likiita, mimi ndiye wa kwanza kwenye foleni, asihangaike. Ila kuku wa Hias wanatumbukia, na kila siku anakuja kuwatoa kwa ngazi, kwa hiyo kuna faida yake.

Nikuambie bila mzaha. Mimi sikutaka mifupa kwa ajili ya mifupa. Nataka kujua, kabla sijaingia mle mwenyewe, kama Baba alikufa au alituacha. Basi. Mama alikufa hajui, akiwa hajavaa nguo nyeusi hata siku moja, maana mke havai nyeusi mume akiwa mzima.

Na huyo mwanamke, alikuwa nani? Aliumwa? Alikula nini? Kama hana mtu wake, matanga tuliyokula yahesabike kuwa yake. Supu ilikuwa nzuri.

Bibi yako,
Burgl


Bolzano, 20 Julai 2023

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kazini nikalazimika kutoka nje.

Nikujibu kwanza kuhusu mgeni wetu. Alikuwa mtu mzima sana kwa enzi zake. Mlo wake wa mwisho ni nyama ya mbuzi wa milimani na nafaka iliyosagwa kwa jiwe; mchanga wa jiwe umemla meno. Kiatu chake kimoja kimejazwa majani makavu, yamesukwa kwa mkono wa mtu mwenye subira. Na goti lake la kushoto, Bibi, limelika kabisa. Daktari Prugger alipolionyesha kwenye picha nilisema, "Huyu namfahamu."

Sasa sikiliza. Yupo kwenye timu mwenzangu mmoja, Ilse, kazi yake ni barafu. Alitaka kujua imekuwaje huyu mwanamke hakusagwa. Ameeleza kwamba alilala kwenye shimo la mwamba, na barafu ya mle haiendi popote. Lakini barafu ya pembeni, ya mtelemko, inatembea. Polepole kuliko konokono, ila haisimami. Aliyeanguka juu anabebwa ndani yake na kutokea chini, mwisho wa barafu, baada ya miaka mingi. Nikamuuliza: miaka sabini je? Akachukua ramani, akapiga hesabu, akaniangalia. "Ni sasa hivi," akasema. "Msimu huu au ujao."

Mtelemko una pande mbili, Bibi. Aliyeanguka akielekea Gampental atatokea Gampental. Aliyeanguka akirudi nyumbani atatokea upande wetu. Ilse amekubali tutafute pande zote mbili. Siahidi kitu.

Humu nimeweka kijiti chenye pamba. Kisugue ndani ya shavu, ukirudishe kwenye kichupa chake, tupate vinasaba vyako vya kulinganisha. Na unijibu swali moja kabla hatujapanda. Akitokea upande wa Gampental, nikuambie?

Mjukuu wako,
Verena


Mitterhof, 27 Julai 2023

Verena,

Mimi mzima.

Niambie.

Mate hayo hapo. Ni mengi, nilikuwa nimemwekea Hias.

Bibi yako


Mitterhof, 30 Agosti 2023

Mjukuu wangu,

Salamu. Hujaandika. Najua kule juu hakuna posta, na najua mtu mwenye habari nzuri huwa hachelewi. Kama ni Gampental, andika neno moja tu, sihitaji salamu wala goti.

Theluji ya kwanza imepaka vilele. Hias ameongeza wimbo wake ubeti: "Burgl, na mjukuu naye kahamia kwa mjane?"

Kaburi limeota nyasi. Nazing'oa.

Bibi yako,
Burgl


Bolzano, 21 Septemba 2023

Bibi,

Shikamoo, na unisamehe. Tulipata kitu katikati ya Agosti, nikajiapiza nisiandike mpaka maabara iseme. Ulishaletewa mtu mmoja ambaye siye. Sikuwa na moyo wa kukuletea wa pili.

Maabara imesema. Mate yako na mfupa ule ni mtu na baba yake.

Alitokea upande wetu, Bibi. Upande wetu, chini kabisa, mahali ambapo siku ya hewa safi unaona moshi wa jiko lako. Alikuwa anarudi.

Kuna mifupa, ingawa si yote, soli yenye misumari, na mkoba wa ngozi umejifunga kama ngumi. Tuliufungua kwa uangalifu wote tuliojifunzia kwa yule mwanamke. Bila yeye tusingejua ngozi iliyotoka barafuni inayeyushwaje bila kuoza. Ndani mlikuwa na mwanakondoo. Mdogo, wa kubebwa. Sikio moja limebaki na ngozi yake, na lina alama: mikato miwili nchani, na tundu katikati. Nimeichora kwenye karatasi ya pili, kwa ukubwa wake.

Mjomba anasema yetu ni mkato mmoja ubavuni. Basi hii ni ya nyumba gani?

Tutamleta Jumamosi ya tarehe saba Oktoba.

Mjukuu wako,
Verena


Mitterhof, 1 Oktoba 2023

Mjukuu wangu kipenzi Verena,

Salamu zisizopimika. Mimi mzima, mzima sana. Nimevaa nyeusi, ya Mama, ambayo alishonesha hakuitumia. Inanibana kifuani, lakini nani ataangalia.

Barua yako ilifika Jumatano. Nimeisoma nimesimama palepale uani. Niliporudi kwenye mstari wa "alikuwa anarudi" kwa mara nyingine, nikasikia kutoka ng'ambo ya ua: "Burgl! Babako hajaandika bado?"

Nikavuka. Miaka mingi sijavuka ua ule. Hias alikuwa jikoni, kijiko mkononi. Nikamwambia, "Ameandika. Hii ni yako." Nikamwekea mezani karatasi yako ya pili.

Aliitazama. Mikato miwili nchani, tundu katikati. Bonde zima linaijua alama hiyo, na yeye ameikata kwa kisu chake masikio mangapi. Nilikuwa nimejiandalia maneno, Verena. Miaka sabini nimeyanoa. Yalikuwa mazuri, ungeyapenda. Lakini Hias akasema taratibu, "Mwaka ule tulipungukiwa mmoja. Mama alilalamika mbele ya watu wote kwamba babako hajui kuhesabu kondoo." Akaweka kijiko chini. "Akaenda kumfuata. Wa kwetu."

Nikamwambia, "Kula, supu inapoa." Nikaketi. Tukala wote.

Sasa nakutuma. Kabla hujapanda gari Jumamosi, pita kwenye chumba cha baridi umwambie yule bibi ahsante. Usimwambie kwa lugha ya taasisi, mwambie kwa ya kwetu. Bila yeye kumtoa Florian machozi bure, Ilse asingepanda na ramani yake, na Baba angepita chini ya miguu yetu akaenda zake na maji ya mto. Mwambie Siku ya Marehemu Wote nitamwashia taa yake karibu na ya Baba. Padri aliguna, eti huyo hakubatizwa. Hias akamjibu kwamba alitiwa chumvi ya baraka na alifanyiwa matanga, na Padri alikula sahani mbili, basi anyamaze. Mshukuru Ilse, na Daktari Prugger kwa kukubali kurudia. Kofia nirudishie, ni ya kuweka juu ya jeneza.

Wewe nitakushukuru kwa mikono, kwa hiyo barua hii usiijibu. Njoo.

Nilikuwa nafunga bahasha Hias akagonga. Kaburi ameshalisafisha tangu asubuhi. Kwapani alikuwa na mwanakondoo wa vuli, ana wiki chache tu, sikio la kulia limekatwa alama ya kwao: mikato miwili na tundu. Akanisukumia mikononi kama anayenipa mzigo wa kuni, bila kuniangalia.

"Wa babako," akasema. "Amechelewa kidogo."

Sikio la kushoto hajalikata. Nimemwachia Florian alikate kwa alama yetu, Jumamosi, mkiwa mmefika.

Bibi yako,
Burgl, binti Vinzenz