Wanasema Mama Ameifunga Mvua

S.L.P. 43,
Musoma.
14 Januari 1975

Mpendwa ndugu yangu Enoka,

Pokea salamu nyingi kutoka huku ziwani. Hujambo na shemeji? Watoto wanaendeleaje, na mkonge wa Kimamba bado unawatoa jasho? Mimi na Lukresia tu wazima, na mtoto wetu mdogo ameanza kutembea.

Ninaandika kuhusu mama yako, mama mkubwa Dorkas. Ni mzima, usishtuke. Ila yaliyompata uyajue kabla hajafika kwako.

Agosti yeye na majirani zake walihamishiwa kijiji kipya, njia ya kwenda Kibara. Wakapanda mtama na mahindi, yakaota vizuri, halafu mvua ikakatika siku thelathini na moja. Mawingu yalijikusanya juu ya ziwa kila mchana, kisha yakaelekea ng'ambo.

Mimi kazini napima mvua, na kila asubuhi nilikuwa naandika sifuri. Ofisa wetu alinionyesha sababu kwenye ramani ya hewa. Mgandamizo mkubwa wa hewa ulikuwa umesimama kusini, mbali baharini, haukusogea. Ukawa unatusukumia upepo mkavu siku zote, na mawingu ya mvua yakapelekwa kwingine.

Kijijini walikuwa na sababu yao. Marehemu baba yako alikuwaga anaitwa kuomba mvua, basi wakasema mjane wake ameifunga kwa hasira ya kuhamishwa. Wanawake wakaacha kwenda naye kisimani. Siku moja, mchana kweupe, vijana wakaezua jiko lake.

Mwenyekiti wa kijiji, Makongoro, akaitisha mkutano. Niliomba ruhusa kazini, nikaenda na ramani, nikaeleza karibu nusu saa. Mzee mmoja akauliza, "Huo mgandamizo utaondoka lini?"

Nikasema sijui.

"Basi hata nyie wa serikali hamjui nani kaufunga."

Watu wakacheka. Mama akasimama, akasema, "Mtama wangu umekauka kuliko wa mtu yeyote hapa. Twendeni mkautazame." Hakuna aliyenyanyuka. Wakampa siku saba: mvua inyeshe, au aondoke. Mwenyekiti akafunga mkutano, na mimi nikakunja ramani yangu nikarudi mjini.

Siku ya tano mgandamizo ukasogea. Asubuhi iliyofuata nilipima milimita arobaini na mbili. Nikapanda basi nikiamini sasa wataelewa.

Niliwakuta wanawake watatu uani kwake. Walikuwa wamemletea kuku, kumshukuru kwa kuifungulia mvua.

Mama aliwapokea kwa heshima, akawasindikiza hadi njiani. Aliporudi akaniambia, "Clementi, mwanzo walikuwa wanashuku. Leo wana hakika. Ikikatika tena hawataitisha mkutano. Mwandikie Enoka."

Ndiyo maana nakuandikia.

Jumatatu tarehe 27 nitampeleka Mwanza kwa basi, apande treni. Mtazamie stesheni ya Kimamba kuanzia tarehe 29, maana treni huchelewa. Ana mzigo mmoja tu, mtama wake amemwachia Skolastika, jirani pekee aliyeendelea kumsalimia.

Huko kwenu, mwaka wowote mvua ikichelewa, usimwache peke yake.

Nisalimie shemeji, watoto, na kaka Felisiani ukimwona. Lukresia anawasalimu wote. Mungu awalinde, na amfikishe mama salama.

Ndimi nduguyo akupendaye,
Clementi Nyamburi