Maji Juu ya Meza ya Docteur

Mujukulu wangu Kavira,

Usalimie wenzako wa Beni. Hapa Butembo tuko wazima. Mama yako amevuna maharagi, baba yako angali anagombana na paa ya jikoni.

Unaniuliza kama infirmière kama wewe, mwenye kutunza wagonjwa, anaweza kukataa kushika damu bila gants za kuvaa mikononi, batu basiseme hana huruma. Wakati nilikuwa kijana, kwenye maternité ya Luofu, kule nilikuwa nazalisha wamama, gants tulikuwa tunazifula, tunazianika kwenye kamba, tunazivaa tena. Tuliomba mupya. Docteur alijibu kila mara: "Muvumilie, zile zingali nzuri."

Siku moja kwenye mukutano, mukubwa wetu wa kazi, Masika, akajaza gant yake maji, akaifunga, akaiweka mbele ya docteur. Sisi wote tukafanya vile. Maji ikatoka kwenye vidole vyenye kutoboka, ikatembea juu ya meza. Docteur akatoa mikono yake mezani haraka.

Masika akamuuliza kwa upole: "Docteur, unakimbia nini? Ni maji tu."

Gants mupya zilifika mbele ya Pasaka.

Donc, usione haya. Mutu anayekimbia maji safi hawezi kukukataza kuogopa damu.

Bibi yako, Mukaka